Mwenye Darasa na Mwenye Daftari

Elimu ni mali ya ajabu. Mtu akimpa mwenziwe elimu yake habaki maskini, na akiificha haiongezeki. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba hapana wizi katika elimu. Mtu anayekwenda kutazama kazi ya mwingine, akaiandika, kisha akaondoka, amechukua nini? Darasa limebaki mahali pake, mwalimu amebaki na chaki yake, na watoto wamebaki na vitabu vyao. Hata hivyo, liko jambo linaloweza kuchukuliwa bila ya kuonekana, nalo ni neno la mwisho juu ya kazi ya mtu. Mwenye daftari akishaandika kwamba darasa fulani ni bora au ni duni, neno lake hufika kwa wakubwa, hufika kwa wenye fedha, na pengine hufika mahakamani. Naye mwenye darasa huenda asijue limesemwa lini.

Je, ni haki kutafuta maarifa juu ya kazi ya mwalimu bila ya kumfanya mwalimu huyo mshirika katika utafutaji? Na ikiwa si haki, je, ni upungufu wa adabu tu, au ni upungufu wa elimu pia? Swali hili laweza kuulizwa popote penye shule. Lakini ziko nchi ambako limejaribiwa kwa gharama kubwa, na mojawapo ni Marekani. Huko walimu weusi wamechunguzwa kwa muda unaozidi miaka 100, na katika sehemu kubwa ya muda huo wamechunguzwa kama inavyochunguzwa mito na milima, ambayo haina la kusema.

Mwaka 1917 ilichapishwa Marekani, kwa juzuu mbili, taarifa kubwa ya serikali juu ya shule za watu weusi. Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Thomas Jesse Jones, mtu mweupe mzaliwa wa Wales, na msaada wa fedha ulitoka katika mfuko wa Phelps-Stokes. Kazi ilifanywa kwa bidii. Wachunguzi walizuru shule, wakahesabu majengo, wanafunzi, walimu na mapato. Waliandika na hukumu pia, na hukumu yao iliegemea upande wa kilimo na kazi za mikono, ikazitilia shaka nyingi katika shule zilizojaribu kutoa elimu ya juu. W. E. B. Du Bois aliipinga kwa maandishi mwaka 1918. Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Katika ujana wake alifundisha shule ya shamba huko Tennessee, na Chuo Kikuu cha Atlanta, alikokwenda kufundisha baadaye, kilikuwa kikiendesha tangu 1896 uchunguzi wa kila mwaka juu ya maisha ya watu weusi, ambao wahitimu wa chuo walikuwa miongoni mwa wakusanyaji wa habari zake. Mwaka 1901 mada ya uchunguzi huo ilikuwa shule. Basi haiwezi kusemwa kwamba mwaka 1917 walimu weusi wenye uwezo wa kuchunguza hawakuwako. Walikuwako; ila kwa sehemu kubwa waliwekwa upande wa wanaohesabiwa.

Daftari lile lilivuka bahari. Mwaka 1924 Jones yule yule aliongoza tume iliyofika Afrika ya Mashariki, na taarifa yake ikatoka mwaka 1925. Katika tume hiyo alikuwamo mwalimu mweusi, James Emman Kwegyir Aggrey wa Gold Coast, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo cha Livingstone huko North Carolina. Kuwamo kwake kulikuwa jambo kubwa kwa zama zile, lakini kuwamo katika jahazi ni jambo moja, na kushika usukani ni jingine. Mwaka 1925 ilifunguliwa Kabete, katika Kenya, Shule ya Jeanes, ya kuwaandaa walimu watakaozungukia shule za vijijini, kwa kufuata mfano uliotoka Kusini mwa Marekani. Jina la shule lilikuwa la mfadhili, Bi Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa fedha zake mwaka 1907. Asili ya mfano wenyewe ilikuwa darasani. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa Henrico katika jimbo la Virginia, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, aliteuliwa kuwa wa kwanza kuzungukia shule za wilaya yake, ili awasaidie walimu wenziwe kufanya yale aliyokuwa akiyafanya katika shule yake ndogo. Taarifa ya kazi yake ilisambazwa Kusini, ikawa kielelezo. Maarifa yaliyosafiri hata Kabete yalianza kuwa maarifa ya mwalimu. Yalipofika yalikuwa yamevaa jina la mwenye fedha.

Mtu akisahauliwa hivyo amepungukiwa heshima, na hilo ni kosa. Lakini liko kosa zito zaidi, ambalo ni kutoa hukumu juu ya kazi yake na kuitekeleza hukumu hiyo pasipo kumsikiliza.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki, na wako walimu weusi waliotoa fedha zao na kuhatarisha riziki zao ili upatikane. Ushahidi wa wataalamu uliotolewa katika kesi ulieleza madhara ya utengano katika nafsi ya mtoto mweusi. Lakini katika fikira za watu wengi neno moja lilizaa jingine ambalo halikuthibitishwa na yeyote: kwamba maadamu utengano ni mbaya, basi shule iliyotengwa haina jema ndani yake, na mwalimu wake hana la kumfundisha mtu. Utengano ulikuwa kazi ya serikali. Mafundisho yalikuwa kazi ya walimu. Vitu hivi viwili vilifungwa katika furushi moja, vikatupwa pamoja.

Huko Topeka, mji uliotajwa katika jina la kesi yenyewe, msimamizi wa shule aliwaandikia barua baadhi ya walimu weusi mwaka 1953, kabla hukumu haijatoka, kuwaarifu kwamba hawatapewa mikataba mipya, kwa kuwa aliamini wakazi wengi hawatataka watoto weupe wafundishwe nao. Huko Moberly, katika Missouri, shule zilipounganishwa mwaka 1955, walimu weusi wote 11 hawakuajiriwa tena. Walishtaki wakashindwa, na mwaka 1959 rufani yao ikakataliwa. Inakadiriwa kwamba katika majimbo 17 ya Kusini na ya mpakani, walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi zao kati ya 1954 na 1965. Watoto walipewa ruhusa ya kuingia katika shule mpya, na watu waliowajua vizuri zaidi wakaachwa mlangoni.

Hapa ndipo swali la haki linapokutana na swali la elimu. Mwaka 1966 ilitoka taarifa iliyoongozwa na James Coleman juu ya usawa wa nafasi katika elimu, iliyokusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 600,000 na ya walimu wapatao 60,000. Walimu walipewa karatasi za maswali. Hata ujuzi wao wa maneno ulipimwa kwa jaribio fupi. Taarifa ile ilikuwa na faida nyingi, na wasomi wanaendelea kuijadili. Lakini mwalimu aliweza kujibu yale tu aliyoulizwa. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba swali lenyewe limepita kando ya jambo. Tena maelfu ya wale ambao wangaliweza kusema walikuwa wamekwisha kuondoshwa shuleni. Shahidi anayeruhusiwa kujibu, lakini asiruhusiwe kulisahihisha swali, ameachiwa nusu ya ulimi.

Mfano mwingine ni wa karibuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukitumia kumbukumbu za wanafunzi wa Tennessee walioanza shule katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba mtoto mweusi aliyepata japo mwalimu mmoja mweusi katika madarasa ya mwanzo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza sekondari na kuingia chuo kuliko mwenziwe wa shule ile ile ambaye hakumpata. Hili ni jambo zito, hasa katika nchi ambayo, katika mwaka wa masomo wa 2020–21, walimu weusi walikuwa kiasi cha 6 tu katika kila walimu 100 wa shule za serikali. Lakini hesabu hiyo imesema kwamba liko jambo. Haikusema ni jambo gani. Mwalimu yule alifanya nini asubuhi ile mtoto alipokataa kusoma? Alimwambia nini mama yake mlangoni? Hesabu imefika kizingitini, na mwenye nyumba hajaitwa.

Yamkini mtu atasema kwamba njia nyingine haipo. Ipo, na imekwisha kutumiwa. Kati ya 1940 na 1946 chama cha vyuo na shule za sekondari za watu weusi kiliendesha uchunguzi katika shule za sekondari kumi na kadhaa za Kusini, chini ya William A. Robinson. Kabla ya hapo ulikuwako uchunguzi mwingine mashuhuri, wa miaka minane, katika shule 30, ambao shule za watu weusi hazikualikwa. Robinson na wenziwe hawakupeleka shuleni maswali yaliyokwisha kukatwa na kushonwa. Walimu walikusanyika katika mafunzo ya likizo wakileta matatizo ya shule zao, wakayatafutia njia, wakaenda kuzijaribu, kisha wakasimuliana. Walikuwa ndio wachunguzi na ndio wachunguzwa. Kazi hiyo ilisahauliwa kwa miongo mingi hata wanahistoria walipoifukua.

Mwaka 1996 Vanessa Siddle Walker alitoa kitabu juu ya shule moja ya watu weusi katika wilaya ya Caswell, North Carolina, iliyodumu kutoka 1934 hadi 1969. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa huko. Alisikiliza walimu wa zamani, wazazi na wanafunzi, na picha iliyotoka haikuficha umaskini wa shule wala dhuluma ya serikali; lakini ndani ya umaskini huo ilionyesha walimu waliokuwa na kanuni, mikutano, vyama vya kazi, na fikra zilizopangwa juu ya malezi ya mtoto. Mambo haya yalikuwa yakijulikana Caswell siku zote. Yaliyokosekana yalikuwa masikio ya vyuo vikuu.

Gloria Ladson-Billings alikwenda mbele zaidi katika kitabu chake cha 1994. Alitaka kuwajua walimu waliofaulu kuwafundisha watoto weusi katika wilaya moja ya California ya kaskazini. Hakuanza kwa kuamua peke yake nani ni mwalimu bora. Aliwauliza wazazi weusi, akawauliza na wakuu wa shule, na walimu ambao majina yao yalitokea katika orodha zote mbili ndio aliowaomba. Wanane walikubali, watano weusi na watatu weupe. Walihojiwa, darasa zao zikatazamwa na kunaswa katika kanda za video; kisha walimu wenyewe waliketi pamoja, wakazitazama kanda zile, na wakaeleza maana ya waliyoyaona. Miongoni mwao walikuwamo waliotofautiana sana kwa njia: mmoja alifundisha kusoma kwa kitabu cha kiada na mazoezi yake, mwingine kwa hadithi na mazungumzo. Mgeni mwenye orodha ya njia za kufundisha angaliwaweka katika makundi mawili yanayopingana, akaondoka akiwa ameridhika. Mazungumzo yao yalionyesha kwamba chini ya tofauti hizo palikuwa na imani moja juu ya mtoto, juu ya jamii yake na juu ya maarifa. Jambo hilo halikuwa likionekana kwa macho ya mpitaji, na lisingaliandikwa kama wenye darasa hawakuketi mezani.

Basi kosa la kumwacha mwalimu nje ni la namna mbili kwa pamoja. Ni dhuluma, kwa kuwa mtu anahukumiwa katika kazi ya maisha yake pasipo kusikilizwa. Na ni ujinga, kwa kuwa ushahidi ulio karibu zaidi umeachwa. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini wahenga hao hao walisema kwamba nyani haoni kundule, na mwenye kutafuta kweli hana ruhusa ya kuchagua methali inayompendeza na kuifumbia macho nyingine. Ni kweli kwamba mwalimu huipenda kazi yake, na mapenzi hupofusha. Mwalimu mweusi aweza kumdhulumu mtoto mweusi kwa matarajio madogo, kwa fimbo, au kwa kumdharau mtoto wa maskini, na aweza asijue kwamba anafanya hivyo. Kuonewa hakumfanyi mtu kuwa malaika, wala hakumpi mtu macho yasiyokosea. Mtafiti wa nje ana haki ya kuwepo, na ana la kusaidia.

Jibu la pingamizi hili limo katika maana ya neno mshirika. Mshirika si hakimu wa peke yake. Anayemwita mwalimu mezani hajamkabidhi neno la mwisho. Amekataa tu kulichukua yeye peke yake. Mwalimu aone kunguni wa kitanda, na mtafiti amwonyeshe mwalimu yale yaliyo nyuma ya mgongo wake, kisha wabishane. Nyani asiyejiona anahitaji mwenziwe, lakini mtafiti naye ni nyani katika methali hiyo. Taarifa ya 1917 iliandikwa na watu walioamini kwamba wanatazama kwa macho matupu, na hawakujua kwamba machoni mwao mlikuwa na miwani ya zama zao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu hutoka kwa walimu wenyewe. Ushirika unaweza kuwa jina jipya la mzigo wa zamani. Mwalimu mwenye watoto wengi na daftari nyingi za kusahihisha huitwa mkutanoni jioni, huulizwa yote ayajuayo, hushukuriwa kwa chai, na miaka miwili baadaye mtu mwingine hupanda cheo kwa kitabu. Huo si ushirika. Ushirika una dalili zake. Mwalimu awepo wakati swali linapotungwa, si wakati wa kujibiwa tu. Awe na haki ya kusema kwamba maana iliyotolewa si sahihi, na kauli yake iandikwe hata kama mtafiti hakubaliani nayo. Apewe muda na malipo, kwa kuwa kufikiri ni kazi. Jina lake litajwe akitaka, na lifichwe akiogopa. Na matunda yarudi shuleni alikotoka kabla hayajawekwa katika rafu za mbali. Pasipokuwa na hayo, ni heri mtafiti aseme waziwazi kwamba amekuja kuchukua. Angalau mwalimu atajua la kujibu.

Mwisho wa jambo hili haumgusi mtafiti peke yake. Mwaka 1956 jimbo la South Carolina lilikataza watumishi wake kuwa wanachama wa chama kilichotetea haki za watu weusi. Septima Clark, aliyekuwa amefundisha kwa miaka 40 hivi, alikataa kujitoa katika chama, akafukuzwa. Kazi yake ya kwanza, mwaka 1916, ilikuwa katika kisiwa cha Johns, ambako aliwafundisha hata watu wazima kwa maneno waliyoyasema wao wenyewe. Mwaka 1957 lilianzishwa katika kisiwa hicho hicho, kwa msaada wake, darasa la watu wazima waliotaka kujua kusoma ili wapate haki ya kupiga kura. Aliyechaguliwa kulifundisha alikuwa Bernice Robinson, msusi wa nywele ambaye hakuwa mwalimu wa shule. Usiku wa kwanza hakufungua kitabu. Aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini. Walitaka kusoma Biblia, kuandika barua kwa watoto wao walio mbali, na kujaza fomu za kuagiza vitu na za kutuma fedha. Masomo yalitungwa kutokana na majibu hayo, na kutokana na darasa hilo zikaenea shule za namna yake Kusini mwa Marekani.

Mwanamke huyo, ambaye serikali isingalimwita mwalimu wala chuo kikuu kisingalimwita mtafiti, alifanya kazi zote mbili kwa swali moja. Aliwapa wanafunzi wake ile haki ambayo walimu weusi walinyimwa na wenye daftari, yaani haki ya kuulizwa kabla ya kupangiwa. Kwa hiyo mwalimu anayeidai haki hiyo kwa mtafiti anakubali deni kwa mtoto aliye mbele yake na kwa mzazi aliye mlangoni. Hawezi kuketi katika meza ya utafiti kama mshirika, kisha arudi darasani kuwahesabu watoto kama mito na milima. Kila mwenye darasa ana siku ambayo yeye ndiye mwenye daftari, na siku hiyo atatazamwa na watoto wanaojua mambo ambayo yeye hajayauliza.